TENISI: WATU 128 WANAINGIA, MMOJA ANABAKI
(Mashindano ya mtu mmoja-mmoja, Roland-Garros 1983)



Katika gazeti yetu tumezoea kuandika habari za mpira wa miguu, za volebali na za basketi, juu hiyo njo michezo tunayoicheza kila siku. Leo tunataka kufasiria mchezo ambao wengi wetu tunausikia paka kwa redio: tenisi. Sababu ni hii. Jioni moja katika internati wadogo wetu walikuwa wanabishana. Mmoja alisema: «Tenisi si mchezo wa kweli. Mtu iko peke yake, hana ekipe, hana mtu wa kumpa mpira.» Mwingine akamjibu: «Njo maana ni mgumu kupita yote. Ukikosea, hauna mtu wa kusema ni yeye.» Kisha wakatugeukia sisi wakubwa, wakauliza: «Ninyi, yaya, nani ana haki?»

Tulinyamaza. Kumbe na sisi hatukujua vizuri. Basi tulitafuta, tukasoma, tukauliza, na jibu letu ni hili hapa. Ni refu kidogo, lakini musiruke kurasa. Tutachukua mfano mmoja wa kweli: mashindano ya wanaume ya Roland-Garros, mjini Paris, mwaka 1983. Tumeuchagua juu ya mambo mawili. La kwanza, unaonyesha wazi namna mashindano ya namna hii yanavyotembea. La pili, aliyeshinda alikuwa kijana aliyekomaa Yaoundé, katika Kameruni.

1. ROLAND-GARROS NI NINI?

Wengi wanafikiri Roland Garros alikuwa bingwa wa tenisi. Hapana. Alikuwa mwendesha ndege wa Ufaransa. Mwaka 1913 alivuka bahari ya Mediterania kwa ndege, toka Fréjus mpaka Bizerte katika Tunisia, na mwaka 1918 alikufa vitani. Kiwanja cha tenisi kilipojengwa Paris mwaka 1928, kilipewa jina lake.

Kila mwaka kuko mashindano makubwa ine ya tenisi duniani: ya Australia, ya Roland-Garros, ya Wimbledon kule London, na ya Marekani mjini New York. Zamani wale waliocheza kwa kulipwa walifungiwa mlango wa mashindano haya. Walicheza kwao kando, sawa watu waliofukuzwa nyumbani. Mwaka 1968 mlango ulifunguliwa, na kati ya yale makubwa ine, Roland-Garros njo ilikuwa ya kwanza kuufungua. Ken Rosewall wa Australia alishinda mwaka ule. Mwaka 1972 wachezaji wanaume wa kulipwa waliunda chama chao, ATP, na toka 1973 ordinatere inapanga majina yao kufwata matokeo: wa kwanza, wa pili, wa tatu, vile vile mpaka chini. Ni kama orodha ya pointi inayobandikwa ukutani mwisho wa muhula, lakini hii haingoji muhula. Inabadilika mwaka wote.

2. TABLO: NJIA ISIYOSAMEHE

Mashindano ya mtu mmoja-mmoja yanaanza na watu 128. Majina yao yanaandikwa kwenye karatasi kubwa inayoitwa tablo, wawili wawili. Anayeshinda anaendelea, anayeshindwa anafunga mizigo yake. Hakuna kurudia, hakuna «nitajaribu juma lijalo».

Sasa tuhesabu pamoja. Duru ya kwanza: 128. Ya pili: 64. Ya tatu: 32. Ya ine: 16. Robo finali: 8. Nusu finali: 4. Finali: 2. Kisha 1. Kwa hiyo bingwa anapashwa kushinda mara 7, kwa muda wa majuma mawili.

Swali la hesabu: michezo yote pamoja ni mingapi? Unaweza kujumlisha 64 na 32 na 16 na kuendelea. Lakini kuko njia fupi. Kila mchezo unatosha mtu mmoja. Ili abaki mmoja, watu 127 wanapashwa kutoka. Basi michezo ni 127. Hauhitaji kalamu.

Ni nani anaingia katika hao 128? Siku hizi 104 wanaingia moja kwa moja juu ya nafasi yao katika orodha ya ordinatere. Wengine 16 wanapita kwanza katika mashindano madogo ya kutafuta nafasi, na hao ni watu wanaotoka jasho mbele hata mlango haujafunguliwa. Wengine 8 wanaalikwa na wenye kutengeneza mashindano.

Sasa sikieni jambo moja la akili. Kama majina yote yangepangwa kwa kura tu, ingewezekana wa kwanza na wa pili wa dunia wakutane siku ya kwanza, na finali ingekuwa ya watu wasiojulikana. Juu ya kuzuia hivyo, wanachagua wachezaji wenye nguvu na kuwatenganisha katika tablo. Wafaransa wanawaita «têtes de série», ni kusema vichwa vya orodha. Nambari 1 anawekwa juu kabisa, nambari 2 chini kabisa, wasikutane mbele ya finali. Wengine wote wanapigiwa kura. Mwaka 1983 vichwa vilikuwa 16. Leo katika mashindano makubwa ni 32.

Vichwa vya 1983 vilikuwa hivi: 1 Jimmy Connors wa Marekani, 2 John McEnroe wa Marekani, 3 Ivan Lendl wa Chekoslovakia, 4 Guillermo Vilas wa Argentina, 5 Mats Wilander wa Swedeni, 6 Yannick Noah wa Ufaransa. Kumbukeni majina haya, juu tutayaona tena.

3. NAMNA YA KUHESABU

Hapa njo watu wengi wanachoka na tenisi, lakini si vigumu. Pointi ya kwanza inaitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya ine inamaliza gemu. Kama wote wawili wako na 40, anayetaka kumaliza anapashwa kupata pointi mbili zinazofwatana. Atakayetangulia kufika gemu 6, akimpita mwenzake kwa gemu 2, amepata seti moja. Kama wako 6 kwa 6, wanacheza taibreki: anayefika pointi 7 wa kwanza, akiwa na 2 za kupita, anachukua seti. Kwa wanaume katika mashindano makubwa, anayepata seti 3 wa kwanza ameshinda. Kwa hiyo mchezo unaweza kuwa wa seti 3, ao 4, ao 5. Mwaka 1983 seti ya tano kule Paris haikuwa na taibreki, waliendelea mpaka mmoja apite kwa gemu 2. Toka 2022 mashindano yote makubwa yanamaliza seti ya tano kwa taibreki ya pointi 10.

Katika hesabu hii kuko mambo mawili ya kuangalia vizuri.

Ya kwanza: hakuna saa. Katika mpira wa miguu, ekipe yenye bao moja inaweza kupiga mpira nje, kulala chini, kuchelewesha, na dakika 90 zinaisha. Katika tenisi haiwezekani. Hata ukiwa mbele sana, unapashwa wewe mwenyewe kupata ile pointi ya mwisho. Hakuna anayekumalizia.

Ya pili: kila seti inaanza kwa sifuri. Aliyepigwa 6–0 anaanza seti mpya sawasawa na mwenzake, sawa mtu aliyefutiwa deni. Kwa hiyo tablo haisamehe, lakini seti inasamehe. Mchezaji mwenye akili anapashwa kujua yote mawili. Anayesahau la kwanza anacheza kwa uvivu, na anayesahau la pili anakata tamaa mbele ya wakati.

4. UDONGO WA MATOFALI

Kiwanja cha tenisi kina urefu wa metre 23,77. Kwa mchezo wa mtu mmoja-mmoja upana wake ni metre 8,23. Katikati kuko wavu, na kimo chake pale kati ni centimetre 91 na kidogo. Vipimo hivi ni kimoja kila mahali, lakini chini si kimoja. Wimbledon ni majani. Roland-Garros ni nyekundu, na sisi tunaoishi karibu na tanuru za matofali tutafahamu mara moja: ni vumbi ya matofali yaliyosagwa, safu nyembamba ya millimetre moja ao mbili, juu ya mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa.

Safu hii nyembamba inabadilisha mchezo wote. Mpira ukigusa chini unapunguza mbio na unaruka juu. Mtu mwenye kupiga kwa nguvu haoni faida yake, juu mwenzake anapata wakati wa kuukimbilia. Kwa hiyo Roland-Garros inawapenda wenye uvumilivu: wanaosimama nyuma, wanarudisha mpira, wanarudisha tena, mpaka mwingine akosee. Mats Wilander alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1982, akiwa na miaka 17 tu, alichukua kombe lile pale, na hakuwa hata kati ya vichwa vya orodha.

Yannick Noah alikuwa kinyume chake. Yeye alipenda kupiga servisi, kisha kukimbilia mbele kwenye wavu na kupiga mpira ukiwa hewani, mbele haujaanguka. Kwenye majani ni sawa. Kwenye vumbi ya matofali ni hatari, juu mwenzako ana wakati wa kukupita kando. Wenye kujua tenisi waliona kwamba mtu wa namna ile hawezi kufika mbali Paris. Na kweli, mwaka 1981 na mwaka 1982 Noah alisimama katika robo finali.

5. MTOTO WA YAOUNDÉ

Mbele ya kuendelea na tablo turudi nyuma miaka kumi na miwili.

Yannick Noah alizaliwa Sedan, katika Ufaransa, tarehe 18 mwezi wa tano 1960. Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkameruni, mchezaji wa mpira wa miguu. Mwaka 1961 alishinda Kombe la Ufaransa pamoja na ekipe ya Sedan. Mama yake alikuwa Mfaransa, mwalimu. Baba alipoumia na kuacha mpira, jamaa yote ilirudi Kameruni, na mtoto akakomaa Yaoundé. Pale alishika raketi.

Mwaka 1971 mgeni mmoja alipita Yaoundé. Jina lake Arthur Ashe, Mmarekani mweusi wa Richmond, Virginia. Mtu huyu alijua mlango uliofungwa ni nini. Katika mji wake, wakati wa utoto, watoto weusi hawakuruhusiwa kucheza kwenye viwanja vya weupe. Mwaka 1968 alishinda mashindano ya Marekani yaliyofunguliwa mara ya kwanza kwa wote, na hakupokea zawadi ya mshindi, juu alikuwa bado mchezaji asiyelipwa. Serikali ya Afrika Kusini ilimkatalia ruhusa ya kuingia, na ilimpa paka mwaka 1973. Sasa alikuwa anatembelea Afrika na wenzake, wanacheza na kuonyesha mchezo wao.

Pale Yaoundé alicheza kidogo na mtoto ambaye hakutimiza hata miaka 12. Mgeni mkubwa angeweza kumpigapiga kichwani, kusema «vizuri, endelea», kisha kupanda ndege. Wageni wengi wanafanya hivyo. Ashe alimpa raketi yake. Tena hakuishia hapo. Alimpigia simu Philippe Chatrier, kiongozi katika tenisi ya Ufaransa, akamwambia kwamba Yaoundé kuko mtoto anayepashwa kutazamwa.

Mwaka ule ule mtoto aliacha wazazi na kwenda Nice, katika kusini ya Ufaransa, kusoma na kujifunza tenisi. Sisi wa internati tunajua usiku wa kwanza wa mtu aliyeacha kwao ni usiku gani. Lakini sisi, wengi wetu, mwisho wa muhula tunapanda gari na tunafika nyumbani. Kati ya Nice na Yaoundé kuko bahari na jangwa.

Hapa tunataka kusema ukweli wote, tusipambe habari. Mtoto huyu alikuwa na bahati ambazo wengine hawakuwa nazo. Baba yake alikuwa mwanamichezo anayejulikana. Mama yake alikuwa Mfaransa, kwa hiyo karatasi za kwenda Ufaransa hazikuwa mlima. Mtoto mwingine wa Yaoundé, mwenye mkono ule ule na miguu ile ile, bila baba huyo na bila karatasi hizo, Ashe angeweza kupiga simu mara kumi na bado angebaki. Tunaandika hivi juu watu wanapenda kusema «mwenye kipaji atafika tu». Si kweli. Anafika mwenye kipaji ambaye mtu mmoja amemtazama, na mlango mmoja umefunguliwa.

6. MAJUMA MAWILI YA 1983

Sasa turudi kwenye tablo. Noah alikuwa na miaka 23. Mwaka ule ule alikuwa ameisha kushinda Madrid na Hamburg, viwanja vya udongo vile vile, na watu walianza kumwangalia.

Duru ya kwanza alimpiga Anders Järryd wa Swedeni, 6–1, 6–0, 6–2. Duru ya pili Victor Pecci wa Paraguay, yule yule aliyemtosha mwaka 1981 katika robo finali. Ya tatu Pat Du Pré wa Marekani, ya ine John Alexander wa Australia. Michezo ine, seti 12, na hakupoteza hata moja. Katika tablo ya watu 128, sasa walibaki 8.

Robo finali alimkuta Ivan Lendl, nambari 3, mtu mgumu sawa chuma, ambaye baadaye alichukua Roland-Garros mara tatu (1984, 1986 na 1987). Noah alichukua seti mbili za kwanza, 7–6 na 6–2. Ya tatu Lendl akaamka, 7–5. Kila mtu anayejua michezo anajua hatari ya wakati huu. Uliyekuwa karibu kumaliza sasa unaona mwenzako amesimama tena, na miguu inaanza kuwa mizito. Hapa njo sheria ya sifuri inatumika. Ile seti iliyopotea imeisha, iko nyuma. Noah alianza upya, na seti ya ine alishinda 6–0. Ile seti iliyopotea mbele ya Lendl njo ilikuwa ya pekee aliyoipoteza katika mashindano yote.

Na wengine? Tuliwaomba mukumbuke majina ya vichwa vya orodha. Connors, nambari 1, alipigwa katika robo finali na Christophe Roger-Vasselin, Mfaransa ambaye hakuwa hata kati ya vichwa 16. McEnroe, nambari 2, alipigwa na Wilander. Lendl, nambari 3, na Noah. Vilas, nambari 4, na José Higueras wa Uhispania. Vichwa ine vya kwanza, vyote vilianguka katika duru moja! Tablo inawapanga watu kwa heshima, lakini haiwachezei.

Nusu finali Noah alimkuta Roger-Vasselin. Wafaransa wawili, na mmoja amekwisha kumtosha wa kwanza wa orodha. Watu walingoja vita. Haikuwa vita: 6–3, 6–0, 6–0. Upande mwingine Wilander alimshinda Higueras.

7. FINALI

Siku ya Mungu tarehe 5 mwezi wa sita 1983, wawili walibaki: Wilander, miaka 18, mwenye kombe, na Noah. Toka mwaka 1946, aliposhinda Marcel Bernard, hakuna mwanaume Mfaransa aliyeshinda pale. Miaka 37.

Hebu muwaze kijana huyu amesimama pale. Watu wote wa kiwanja wako upande wake, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kupiga mpira kwa ajili yake. Kocha yake iko ameketi, na sheria ya wakati ule ilimkataza kumwambia neno wakati wa mchezo. (Sheria hiyo ililegezwa kwa dunia yote mwaka 2025 tu.) Yule mdogo wetu aliyesema «Ukikosea hauna mtu wa kusema ni yeye», hapa alikuwa na haki kabisa.

Noah angefanya nini? Kama angesimama nyuma na kurudisha mipira, angekuwa anacheza mchezo wa Wilander, na kwa mchezo huo Wilander hakuwa na bwana. Basi alichagua hatari. Alipiga mpira wa chini, wenye kuzunguka, usioruka juu, kisha akaufwata mbele mpaka kwenye wavu. Mara ingine alipitwa kando. Akarudi nyuma, akapiga servisi, akaenda mbele tena. Kosa moja halikumfanya aache mpango wake. Maana ya hesabu yake ilikuwa hii: Wilander anaweza kunipita mara moja, anaweza mara mbili, lakini hawezi kila mara, na kila mara akiniona mbele yake, anapashwa kupiga mpira mgumu.

Seti ya kwanza, 6–2. Ya pili ilikaza, 7–5. Ya tatu ilikaza kupita ya pili, wakafika 6 kwa 6. Taibreki. Pale Noah alichukua pointi 7, Wilander 3. Mpira wa mwisho wa Wilander ulitoka nje ya mstari, na Noah alipiga magoti katika vumbi nyekundu.

Kisha mtu mmoja aliruka kutoka kati ya watazamaji, akaingia kiwanjani. Alikuwa Zacharie Noah, baba yake. Walikumbatiana na kulia mbele ya watu wote. Picha ile imezunguka dunia mzima. Mchezo wa mtu peke yake ulimalizika na watu wawili kiwanjani.

8. NA BAADAYE?

Mpaka mwaka 2025 hakuna mwanaume Mfaransa mwingine aliyeshinda Roland-Garros ya mtu mmoja-mmoja. Kwa Noah mwenyewe lilikuwa kombe la pekee la namna ile. Hakushinda tena lingine kati ya yale makubwa ine peke yake. Lakini alikuwa kapiteni wa ekipe ya Ufaransa iliposhinda Davis Cup, mwaka 1991, mwaka 1996 na mwaka 2017. Angalieni vizuri: aliyeshinda peke yake mara moja, alisaidia wengine kushinda mara tatu. Alikuwa vilevile mwimbaji anayependwa sana katika Ufaransa.

Arthur Ashe, mwaka 1975, alishinda Wimbledon mbele ya Jimmy Connors. Mwaka 1978 alicheza Wimbledon pamoja na Noah, wawili upande mmoja wa wavu: mgeni wa Yaoundé na mtoto aliyepewa raketi. Ashe alikufa mwaka 1993, kwa ugonjwa wa Sida alioupata kwa damu aliyoongezewa hospitalini. Zacharie Noah alikufa mwaka 2017.

Na jambo moja lilitushangaza wakati wa kutafuta habari hizi. Leo kiwanja kikubwa cha Roland-Garros kinaitwa Philippe Chatrier. Kiwanja kikubwa cha New York kinaitwa Arthur Ashe. Aliyepiga simu na aliyeipokea, wote wawili majina yao yako juu ya milango mikubwa ya tenisi. Hawakupewa heshima hiyo juu ya simu ile peke yake, walifanya mengi. Lakini ile simu ya mwaka 1971 iko ndani ya hayo mengi.

9. BASI NANI ALIKUWA NA HAKI?

Turudi kwa wadogo wetu wa internati. Aliyesema tenisi ni mchezo wa mtu asiye na ekipe, alisema kweli juu ya kiwanja, na alikosa juu ya njia ya kufika kiwanjani. Aliyesema ni mgumu juu hauna mtu wa kusema ni yeye, alisema kweli juu ya kushindwa. Lakini juu ya kushinda, Noah alikuwa na watu wa kusema ni wao: baba, mama, mgeni mmoja, mtu wa simu, na waalimu wa Nice. Kidole kimoja hakiuwi chawa, hata kama ni kidole kimoja tu kinachoonekana juu ya kombe.

Sisi wanafunzi tunafahamu jambo hili kupita wengine. Siku ya mtihani wa Serikali kila mmoja anaketi peke yake, na karatasi yake, na jina lake. Jirani hawezi kumjibia. Pale tunapashwa kufanya kama Noah mbele ya Lendl: swali lililotushinda tuliache nyuma, tuanze la kufwata kwa sifuri. Lakini hata mmoja wetu hakufika kwenye kiti kile peke yake. Kuko aliyelipa, kuko aliyefundisha, kuko aliyeamka mapema kupika uji.

Na kwenu waalimu na wakubwa wetu, kwa heshima yote, tunaongeza neno dogo. Kila saa kumi, nyuma ya jengo la madarasa, kuko watoto wanaocheza. Wengine wanahesabu vichwani upesi kupita kitabu, wengine wanaimba, wengine wanatengeneza redio zilizokufa. Hatuombi raketi. Tunaomba mara moja moja mupite pole pole, mutazame.

MCHEZO WA AKILI. Tunataka kupanga mashindano ya pingpong ya shule mzima, mtu mmoja-mmoja, na anayeshindwa mara moja anatoka. Wanafunzi 40 wameandikisha majina. Katika duru ya kwanza wengine watapita bila kucheza, juu 40 haigawanyiki mpaka mwisho. Tunapashwa kupanga michezo mingapi mpaka abaki bingwa mmoja? Jibu litatoka katika namba itakayofwata. Lakini aliyesoma vizuri sehemu ya 2 amekwisha kulipata, na hakuhitaji kalamu.